Maji Yanayopotea Baada ya Dira: Kutafuta na Kuzuia Uvujaji katika Mabomba ya Bustani

Mkazi anayepokea ankara ya maji iliyoongezeka maradufu, ilhali watu nyumbani hawajaongezeka wala matumizi hayajabadilika, aghalabu humtuhumu msoma dira kwanza, kisha dira yenyewe, kisha jirani. Bomba lake mwenyewe hulifikiria mwisho. Mwandishi wa makala haya hana haki ya kumcheka mkazi huyo, kwa kuwa naye alipita njia hiyo hiyo. Kwa miezi miwili alibishana juu ya ankara, na muda wote huo, mita nane kutoka mlangoni pake, ukoka ulikuwa umestawi katika duara moja, mbichi kuliko mahali pengine pote uani. Chini ya duara hilo lilikuwapo bomba alilolitoboa kwa jembe lake mwenyewe siku alipopanda mche wa mwembe.

Nyumba nyingi katika kata zetu, pamoja na shule, zahanati, nyumba za ibada na nyumba za kulala wageni, sasa zina mabomba yaliyofukiwa ardhini kwa ajili ya kumwagilia ukoka, maua au mboga. Mengine huishia kwenye koki ya kufungia mpira. Mengine yana vinyunyizio, ambavyo mafundi wetu huviita springla. Mabomba haya ni rahisi kuyasahau kwa sababu hayaonekani. Ni vema basi kukumbushana utaratibu: bomba linaloishia kwenye dira ni la mtoa huduma, awe ni mamlaka ya maji au chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii kilicho chini ya usimamizi wa RUWASA. Kuanzia dira kuingia ndani, bomba ni la mteja, na kila lita iliyopita katika dira imehesabiwa kuwa yake, iwe imenywewa au imezama ardhini.

Kiasi kinachopotea

Tone moja halimtishi mtu. Lakini weka chupa ya nusu lita chini ya kiungo kinachodondosha, kisha utazame saa. Chupa ikijaa kwa dakika 5, unapoteza lita 6 kwa saa, lita 144 kwa siku, na lita 4,320 kwa mwezi wa siku 30. Hizo ni ndoo 216 za lita 20, na katika ankara ni uniti 4 na ziada, kwani uniti moja ni lita 1,000.

Huo ni uvujaji unaoweza kukingwa kwa chupa. Tundu lenye upana wa njiti ya kiberiti, takriban milimita 2, likiwa katika bomba linalopata msukumo wa tangi lililoinuka mita 20 juu yake, huweza kupitisha zaidi ya lita 3,000 kwa siku moja ikiwa maji hayakatiki. Na kwa kuwa limefukiwa, udongo huyanywa maji yote kimya kimya. Katika ardhi ya kichanga au ya majivu ya volkano, uso wa ardhi huweza kubaki mkavu kabisa.

Tundu hupitisha pande mbili

Lipo jambo zito kuliko fedha, nalo halizungumzwi vya kutosha. Katika vijiji na mitaa yetu mingi maji hutoka kwa mgao. Yanapokuwa bombani kwa msukumo, tundu huyatoa nje. Mgao unapokatika, na mkazi wa bondeni akafungua koki yake, maji yaliyosalia katika mabomba ya mlimani huteremka kumfuata, na nyuma yake huacha mvuto, mfano wa mtu anayenyonya mrija. Wakati huo tundu lile lile huvuta ndani chochote kilicho karibu nalo: maji ya tope, samadi iliyotandazwa juu ya ukoka, mbolea ya dukani iliyoyeyuka, na pale ambapo bomba limepita jirani na shimo la choo, majimaji ya shimo hilo. Mgao unaporudi, uchafu huo husukumwa hadi kwenye koki ya jikoni. Huweza pia kuwa umekwisha kuteremka hadi kwa jirani asiye na tundu wala ukoka.

Vinyunyizio vilivyolala usawa wa ardhi vina hatari hiyo hata bila ya bomba kutoboka, kwani midomo yake iko wazi juu ya udongo uliolowa. Mpira wa bustani ulioachwa umezama ndani ya ndoo au pipa ni hivyo hivyo. Kwa sababu hii, bomba la bustani lafaa kuwa na valvu ya njia moja, ile inayoruhusu maji kwenda mbele na kuyazuia kurudi nyuma, ikifungwa mara tu baada ya mahali ambapo bomba hilo linaachana na la nyumba. Mwili wa valvu hiyo una mshale, nao sharti uelekee bustanini. Ikifungwa kinyume, maji hayatapita kabisa.

Rangi ya udongo katika maji ya kwanza baada ya mgao si lazima itokane na bomba lako, kwa kuwa mashapo ya bomba kuu nayo huchochewa maji yanaporudi. Lakini ikiwa majirani wanapata maji maangavu na wewe peke yako unapata yenye tope, anza kutafuta uani kwako. Na hadi tundu lipatikane na kuzibwa, maji ya kunywa yachemshwe.

Dira ni shahidi wa kwanza

Hakuna haja ya kuchimba bustani nzima. Kifaa bora cha kutambua uvujaji kimekwisha kufungwa nyumbani kwako. Dira nyingi za majumbani zina tarakimu nyeusi na tarakimu nyekundu. Nyeusi ni uniti kamili, nazo ndizo zinazoandikwa katika ankara. Nyekundu ni sehemu za uniti. Kando ya tarakimu hizo kuna gurudumu dogo, mara nyingi lenye umbo la nyota au pembetatu, ambalo hugeuka hata kwa mtiririko mwembamba mno.

Chagua usiku ambao maji yapo. Hakikisha tangi lako limejaa, au funga koki inayoliingizia maji, kwa maana tangi linalojazwa huonekana katika dira sawa na bomba linalovuja. Funga koki zote za ndani na za nje. Andika tarakimu zote, nyeusi na nyekundu, kisha mlale. Alfajiri, kabla ya mtu yeyote kunawa uso, soma tena. Tarakimu zikiwa zile zile, sehemu ya mabomba yenye msukumo wakati wote ni salama. Zikiwa zimesogea, hesabu tofauti, ugawanye kwa saa zilizopita, nawe utajua unapoteza kiasi gani kwa saa.

Tahadhari moja: usianze kipimo hiki mara tu mgao unaporudi. Hewa iliyojaa katika mabomba hutangulia mbele ya maji na huweza kuzungusha dira kwa kasi bila ya tone kupita. Subiri hadi maji yatoke koki kwa utulivu.

Usiku wa pili, funga koki iliyo mahali ambapo bomba la bustani linaachana na la nyumba, kisha urudie kipimo. Dira ikisimama, tundu liko upande wa bustani. Ikiendelea, liko upande wa nyumba, na mtuhumiwa wa kwanza ni tangi dogo la kusafishia choo: tia bluu ya kufulia ndani yake, usisafishe choo kwa nusu saa, na ukiona bakuli limegeuka rangi, umempata mwizi. Ikiwa bomba lako la bustani halina koki mahali linapoachana na la nyumba, fedha ya kwanza utakayoitumia iwe ya kuiweka hiyo koki.

Hapa wengi hupotea njia. Kipimo cha usiku hakiwezi kufichua tundu lililo baada ya koki ya bustani, yaani katika mstari wa vinyunyizio vyenyewe, kwa sababu sehemu hiyo haina maji ya msukumo ila wakati wa kumwagilia. Dira itasimama tuli usiku kucha, na mwenye nyumba ataapa kwamba bomba lake ni zima.

Kwa mstari huo kuna hesabu nyingine. Fungua vinyunyizio vya mstari mmoja, na maji yoyote mengine nyumbani yasitumike. Soma dira, acha maji yatoke kwa dakika 10, soma tena. Kisha pima kila kinyunyizio peke yake wakati vyote vikiwa wazi: kifunike kwa kipande cha mpira mpana, uelekeze maji ndani ya ndoo kwa dakika moja, uyapime. Tuseme vinyunyizio ni vinne na kila kimoja kimetoa lita 4 kwa dakika. Jumla ni lita 16 kwa dakika, au lita 160 kwa dakika 10. Dira ikiwa imeandika lita 165, huo ni upungufu wa vipimo vyetu. Ikiwa imeandika lita 200, basi uko mstari huo na kinyunyizio cha tano usichokijua, kinachomwagilia chini kwa chini. Wale wanaomwagilia kutoka kwenye tangi badala ya bomba la dira wanaweza kufanya hesabu hiyo hiyo kwa kuweka alama ya chaki ubavuni mwa tangi na kupima maji yaliyoteremka.

Mahali lilipo tundu

Ukishajua ni mstari upi, tembea juu yake polepole, asubuhi kabla jua halijakausha umande wala kudanganya macho. Tafuta ukoka uliokolea rangi kuliko wenzake, ardhi inayobonyea mguuni, udongo uliozama kama kitako cha bakuli, au vipovu na mchanga mwembamba unaosukumwa juu wakati maji yamefunguliwa. Kinyunyizio cha mwisho kikirusha maji kwa unyonge ilhali vya mwanzo vina nguvu, tundu huenda liko kati yao, au kipo kichwa kilichopasuka.

Ardhi yenye unyevu haimaanishi kwamba tundu liko papo hapo. Maji hufuata njia nyepesi, na njia nyepesi ni mfereji uliochimbwa kulaza bomba, kwa kuwa udongo wake haukushindiliwa kama wa pembeni. Kwa hiyo katika uwanja wenye mteremko, anza kuchimba kwenye unyevu ukipanda juu kufuata bomba, usishuke. Njia ya wazee wa kazi nayo bado inafaa: usiku, kelele zinapotulia, gusisha ncha ya nondo kwenye bomba au koki na ncha nyingine karibu na mfupa wa sikio. Maji yanayotoka tunduni huvuma. Sauti hiyo husafiri vizuri katika bomba la chuma. Katika la plastiki hufa baada ya umbali mfupi, hivyo itakubidi kusikiliza mahali pengi.

Jambo jingine huwasumbua wengi bila sababu. Baada ya kufunga koki, kinyunyizio kilicho bondeni huendelea kutoa maji. Yakikoma baada ya dakika chache, hayo ni maji yaliyokuwa yamebaki bombani yakiteremka kwa uzito wake, wala koki si mbovu. Hata hivyo si haba: bomba la kipenyo cha ndani cha milimita 25 lenye urefu wa mita 30 hubeba takriban lita 15, na zote huweza kumwagika mahali pamoja kila unapofunga, hadi ukoka wa pale uoze. Vipo vinyunyizio vyenye kizuizi ndani yake cha kuzuia hali hiyo, na kuviweka bondeni peke yake hutosha. Lakini maji yakiendelea kutiririka baada ya saa nzima, koki haifungi. Mara nyingi chanzo chake ni punje ya mchanga iliyokaa kwenye kalio la koki. Ifungue kabisa kwa muda mfupi maji yaisukume punje hiyo, uifunge tena. Ikishindikana, ifunguliwe isafishwe au ibadilishwe.

Kutengeneza

Chimba kwa jembe hadi karibu na bomba, kisha uweke jembe kando na umalizie kwa mikono au kwa sepeto ndogo ya bustani. Matundu mengi ya pili huzaliwa wakati wa kutafuta la kwanza.

Kuhusu kufunga bomba kwa raba ya tairi la baiskeli, mwandishi anajua kwamba sote tumefanya hivyo na tutaendelea kufanya saa tatu usiku fundi asipopatikana. Ifahamike tu kwamba raba hiyo hupunguza maji yanayotoka kwa msukumo, lakini haizibi njia ya uchafu unaoingia wakati wa mvuto. Ni matengenezo ya usiku mmoja. Ufumbuzi ni kukata sehemu iliyotoboka na kuunganisha upya.

Bomba la plastiki ngumu huunganishwa kwa soketi na gundi, na gundi hiyo haishiki penye maji. Funga maji, yaache yaishe, kausha kwa kitambaa, kwangua ncha kwa msasa, paka gundi pande zote mbili, ingiza huku ukizungusha kidogo, ushikilie kwa nusu dakika. Kisha subiri kwa muda ulioandikwa kwenye kopo la gundi kabla ya kufungulia maji. Kutokuwa na subira hapo ndiko kunakomrudisha fundi wiki inayofuata. Bomba jeusi la kukunjika halikubali gundi. Huunganishwa kwa kiungo cha kukaza chenye pete ya mpira ndani, na bomba lazima likatwe wima, lisiwe na ncha ya mshazari. Viungo vya uzi vizungushiwe tepu nyeupe kwa upande wa kukazia, na vya plastiki visikazwe kwa spana hadi vikapasuka.

Kabla ya kufukia, fungulia maji na utazame kiungo kwa robo saa. Halafu piga picha kwa simu, upime umbali kutoka kwenye kona mbili za nyumba, uandike. Mwaka kesho hutakumbuka.

Kuzuia kabla ya kuharibika

Bomba huharibiwa zaidi na mambo ya kawaida kuliko na uzee. La kwanza ni jembe, na dawa yake ni kina: bomba la bustani lisilazwe chini ya sentimita 30 za udongo, na penye kupita gari liende chini zaidi au lipite ndani ya bomba jingine kubwa. Udongo unaoligusa uwe umechujwa mawe, kwani jiwe lenye ncha likikandamizwa kila siku hutoboa taratibu. Bomba la plastiki lililoachwa juani hupoteza unyumbufu wake na kupasuka kwa kugongwa kidogo tu, hivyo sehemu inayotokeza nje ifunikwe au ipakwe rangi.

La pili ni pigo la maji. Mgao unaporudi kwa kasi, au mtu anapofunga koki ya mpini kwa mara moja, maji yaliyokuwa yakikimbia husimama ghafla na nguvu yake yote hupiga viungo. Ule mgongo unaousikia ukutani ni sauti yake. Fungua na ufunge taratibu. Maji yanapokatika, usiiache koki ya bustani wazi ukingojea yarudi: hewa na maji vitaingia kwa kishindo, na vinyunyizio vitakesha vikimwaga ukiwa usingizini.

La tatu ni mchanga, ambao chujio dogo la wavu kabla ya koki ya bustani hulizuia, mradi lisafishwe. Mwanzoni mwa kiangazi ng'oa kizibo cha mwisho wa mstari, uruhusu maji yasukume tope nje kwa dakika mbili tatu, kisha ukague kila kichwa kama kimesimama wima na hakijavunjwa na fyekeo.

Zaidi ya hayo yote, soma dira yako tarehe ile ile kila mwezi na uandike katika daftari pamoja na idadi ya watu waliolala nyumbani. Ukurasa mmoja wa daftari hilo una nguvu kuliko maelezo marefu, hasa pale unapokuwa na hakika kwamba mabomba yako ni mazima na ankara bado haielewiki. Ukienda nayo ofisini pamoja na vipimo vyako vya usiku viwili, utakuwa umeleta hoja inayoweza kuchunguzwa.

Na ukiona maji yakichimbuka kabla ya dira, barabarani au shambani, usijaribu kuziba mwenyewe. Toa taarifa kwa mtoa huduma wa eneo lako, au kwa mwenyekiti wa mtaa au kitongoji ili aifikishe, ukitaja jengo au mti ulio karibu, saa ulipoyaona, na kama yanatoka muda wote au wakati wa mgao tu. Wakati mafundi wakisubiriwa, simika tawi bichi mahali hapo ili magari yapite pembeni, na watoto wasichote maji ya dimbwi hilo.